Bunduki Niliyoipima kwa Bega Langu

Bunduki ile niliichagua mi mwenyewe, kuanzia unene wa risasi mpaka urefu wa chuma. Ninaandika hivyo mwanzoni ili mtu asitafute mwingine wa kulaumu. Watu wa hapa Kolwezi, jambo likiharibika, wanapenda kusema ni shetani, ao ni jirani mwenye wivu. Hapana. Ni mi.

Sikusoma sana. Nilitoka masomoni darasa la tatu, baba alipougua, na Kiswahili hiki ninachoandika nilikiokota kanisani, katika kitabu cha nyimbo na katika matangazo ya Jumapili. Nilianza kwa kuosha malori ya wengine pale Musonoi. Nikapanda kuwa msaidizi wa dereva, nikawa dereva, kisha nikanunua lori bovu ambalo hakuna aliyelitaka, nikaliamsha kwa mikono yangu. Leo niko na malori matatu na nyumba ya matofali ya kuchoma. Hakuna aliyenishika mkono. Ninalisema bila haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kosa langu lilianzia palepale: mtu ambaye hakushikwa mkono anaishia kufikiri mkono wake ndio kipimo cha mikono yote.

Binti yangu wa pili aliolewa na kijana mfupi. Si mfupi wa kuchekwa barabarani, lakini akisimama karibu na mi, kichwa chake kinafika kwenye mfuko wa shati langu. Alikuwa mchimbaji kule Kasulo, katika ile mitaa ambayo watu walitoboa sakafu za vyumba vyao wakashuka chini kutafuta kobalti. Nilimpa binti yangu kwa sababu kijana hakuwa mlevi na alijua kunyamaza. Siku moja shimo la jirani yake liliporomoka na watu waliokuwa ndani hawakutoka. Yeye alikuwa amepanda juu kunywa maji. Kesho yake binti yangu alikuja kwangu na mtoto mgongoni, hata hakukaa.

"Papa, mi sitaki kuwa mujane ya shimo," alisema.

Mi nilikuwa na shamba ng'ambo ya Kasaji. Nililipata zamani, wakati nilikuwa ninabeba mahindi kutoka kule, na lilikuwa limelala tu. Nikawaambia waende kulima. Nikamwambia mukwe wangu pia, mbele ya mke wangu, na yeye akainamisha kichwa, akasema, "Sawa, tata," yaani baba. Hata pale sikumwuliza. Nilimwambia.

Walilima vizuri. Mvua ilikuwa ya kutosha, mahindi yakapanda, na yalipoanza kuwa na maziwa ndani, nguruwe wa pori wakatoka kwenye mushitu. Mushitu ni ule msitu mzito wa pembeni ya mto, wenye kamba za miti zinazoning'inia mpaka chini, mahali ambapo jua linaingia kwa kuomba ruhusa. Nguruwe wanalala mule mchana, alfajiri na jioni wanatoka. Mnyama mmoja akila shina moja, anaangusha kumi. Katika majuma mawili shamba lilikuwa kama uwanja wa mpira.

Binti yangu akanipigia simu. "Papa, tulilimia nguruwe." Halafu akaniambia lile lililonichoma: "Bwana wangu anasema, kama na mwaka ujao banakula tena, anarudia Kasulo. Anasema afadhali shimo, shimo haikulete matumaini."

Basi. Jambo lilikuwa hilo tu, na nililijua. Shamba likishindwa, mume wa binti yangu anarudi chini ya ardhi. Nikasema nitawapatia bunduki ya kuwinda, tena si ile ya kurithi iliyofungwa kwa waya. Mpya, ya kutengenezewa, yenye karatasi zake.

Karatasi zilichukua muda mrefu kuliko bunduki yenyewe. Tulipita ofisi hii na ile, mukwe akapigwa picha, akatia sahihi, akaandikwa kwamba yeye ndiye atakayeishika. Wakati ule jina lake kwenye karatasi lilikuwa kwangu jambo la ofisi tu.

Fundi wa bunduki, mwenye ruhusa ya serikali, alikuwa na duka lake si mbali na reli. Ni muzee mwembamba mwenye miwani iliyoshonwa kwa uzi. Vyuma vinamfikia kutoka nje, na yeye anavifunga juu ya kitako cha mti wa mulombwa anachokichonga mwenyewe, kwa kipimo cha mtu. Alituambia bunduki ni kama koti: ukivaa ya mwingine, utatembea lakini watu watajua. Akasema anahitaji majibu mawili kabla ya kuagiza. Risasi gani, na kanoni ya urefu gani. Kanoni ndilo lile bomba la chuma ambamo risasi inapita.

Akatandika kitambaa mezani, akaweka risasi mbili. Moja ilikuwa nyembamba kama kidole changu cha mwisho. Ya pili ilikuwa nene kama kidole gumba.

"Hii ya kidogo inatosha nguruwe," alisema. "Inatosha na swala. Hii ya mukubwa ni ya mbogo."

"Nipatie ya mbogo," nilisema.

"Ku Kasaji kuko mbogo, tata?"

"Mbogo akikuja, atakuta tuko tayari."

Akacheka. Mi sikucheka. Nikamweleza jinsi ninavyonunua lori. Sikuwahi kununua injini ndogo katika maisha yangu. Lori linaloweza tani kumi halichoki na tani tano, lakini la tani tano ukilipakia kumi linakufia kwenye mlima, na dereva wako analala njiani na mzigo wa watu.

"Ni kweli," fundi alisema. "Lakini lori haikupigake pa bega."

Hapo ninapaswa kueleza neno moja. Huku kwetu, unene wa risasi unaitwa kalibre. Lakini mtu mkubwa naye, mwenye mali na sauti, tunamwita kalibre. Nikipita sokoni vijana wa pikipiki wanasema, "Kalibre amefika!" na mi ninajifanya sisikii, huku ninasikia vizuri sana. Sasa fundi anapokuuliza mbele ya mukwe wako unataka kalibre kubwa ao ndogo, kinywa kinajibu chenyewe. Nadhani muzee yule aliliona, maana alisukuma ile risasi nyembamba kidogo mbele yangu akasema kwa upole, "Tata, weye ni kalibre, tunajua bote. Lakini nguruwe hajue."

"Atajua," nilisema.

Kisha akaleta fimbo mbili za mti, alizokuwa amezichonga kama mfano. Moja ya sentimetre hamsini, nyingine ya sitini na tano. Ile ndefu, alisema, inasukuma risasi vizuri zaidi, inaifikisha mbali, na mlio wake hauchomi sana masikio. Ile fupi inapoteza nguvu kidogo na inapiga kelele, lakini inageuka. "Mu mushitu," alisema, "nguruwe hakungojee mbali. Kama huwezi kugeuka, ile mbali haikusaidie kitu."

Nikachukua ile ndefu. Nikaiweka begani, nikalenga kalenda iliyokuwa ukutani, picha ya daraja. Ilikaa kama imezaliwa pale. Mi ni mtu mrefu, mikono yangu ni ya kubeba magunia. Nilisimama hivyo kitambo kirefu kuliko ilivyohitajika. Nilijiona.

"Sasa mukwe naye ashike," fundi alisema.

Mukwe wangu akaichukua kwa mikono miwili kama anayepokea sahani. Akaiweka begani. Mkono wake wa kushoto ulinyooka mpaka mwisho, na ncha ya fimbo ikashuka polepole, ikaiacha kalenda, ikafika kwenye ndoo ya maji. Aliirudisha juu. Ikashuka tena.

"Unasikia namna gani?" fundi alimwuliza.

Yeye aliangalia viatu vyangu. "Ni muzuri, vile tata anasema."

Msomaji ambaye si wa kwetu anaweza kushangaa kwa nini mwanaume mzima hakufungua kinywa. Ni heshima ya bukwe. Kwetu, mume wa binti yako hakutazami usoni. Hali chakula mbele yako. Ukiingia nyumbani anatafuta sababu ya kutoka. Na zaidi ya yote, hasemi hapana. Ukimwambia mvua inanyesha na jua linawaka, ataomba mwavuli. Mi nilimfanyia hivyohivyo baba wa mke wangu miaka mingi, na nilikuwa ninameza maneno mpaka tumbo linauma. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Nilijua vizuri maana ya "vile tata anasema." Nililiacha lipite kwa sababu lilinipendeza.

Fundi hakuacha. Akachukua utepe wake wa kupimia mkono, kutoka kwenye kiwiko mpaka kidole, ili ajue urefu wa kitako. Akamgeukia mukwe. Lakini mi nilikuwa nimekwisha kuvua koti na kunyoosha mkono wangu juu ya meza.

"Tata," alisema, "nani ataingia na hii bunduki mu mushitu, weye ao yee?"

"Pima," nilisema.

"Basi nikate sentimetre tatu tu pa kitako. Kwa ajili ya mukwe."

"Usinikatie mulombwa. Atazobelea."

Kuzobelea ni kuzoea. Neno hilo nimelitumia maisha yangu yote. Dereva akilalamika kiti kimevunjika, atazobelea. Mtoto akilia viatu vinabana, atazobelea. Fundi alinitazama juu ya miwani yake, akaandika mezani: kalibre ya mbogo, kanoni sitini na tano, kitako cha mkono wangu. Mukwe akasema asante, tata.

Nyumbani mke wangu aliniuliza wakati ananipa maji ya kunawa. "Balipima mukono ya nani?"

"Yangu."

"Haa! Na nguruwe bataanza kupita hapa Musonoi?"

Nilinawa, nikala.

Bunduki ilipokuwa tayari niliipeleka Kasaji mwenyewe. Ilikuwa nzuri. Sidanganyi, hata leo nikiikumbuka ninaona mti ule mwekundu umepakwa mafuta mpaka unaona kivuli cha uso wako. Tulikwenda nyuma ya shamba, kwenye kichuguu kikubwa, na watoto wa majirani wakatufuata. Mi nikapiga wa kwanza. Vumbi likaruka, watoto wakapiga makofi. Kisha mukwe akapiga. Alirudi nyuma hatua mbili, kofia ikaanguka, na kichuguu hakikuguswa. Watoto wakacheka, na mi nikacheka kuwashinda. Yeye naye alicheka, huku anajipangusa macho. Nilifikiri ni machozi ya kicheko.

Msimu ule mahindi yalibaki. Mlio peke yake ulitosha kuwafukuza nguruwe kwa muda, maana walikuwa hawajasikia ngurumo ya namna ile. Wakavuna magunia, na moja likaja kwetu. Pale kanisani niliwasimulia watu mlangoni, mmoja mmoja, jinsi nilivyomtoa kijana shimoni. Walinishukuru kana kwamba nimewatoa wao.

Nguruwe si mjinga. Msimu uliofuata walirudi, na sasa mlio hawakuujali. Ikabidi kuwapiga kweli. Ndipo binti yangu alinipigia simu. Alisema polepole, kama anayepita kwenye matope.

"Papa, ile bunduki inamupiga. Bega yake iko nyeusi. Sasa anafunga macho mbele ya kupiga."

"Anafunga macho? Mwanaume?"

"Papa, sikiliza. Na ule urefu, mu mushitu inashikana na mikamba. Anaingia ya mbele, bunduki inabakia nyuma. Yee hawezi kukuambia. Unajua hawezi."

"Amekutuma?"

Akasema, "Hapana. Mi mwenyewe."

Alikuwa ametumwa. Bukwe ina njia zake: mume anamwambia mke, mke anamwambia baba, na baba anajifanya wazo ni lake. Ndivyo hata mi nilivyofanya zamani. Ilikuwa imebaki kwangu kusema tu, "Lete bunduki kwa fundi, nimefikiri tuikate." Maneno machache hayo yangemtosha kila mtu, na heshima yangu isingepungua hata punje.

Nilisema, "Mwambie mwanaume anazobelea."

"Sawa, papa."

Nilipita kwao tena wakati wa palizi. Ukutani, karibu na bunduki, nikaona kamto kadogo, kama ka kulalia kichwa, kamejazwa matambara, kameshonwa kamba mbili za kuvaa kwenye kwapa. Nikakashika. "Hii ni kamto ka mutoto?" niliuliza. Binti yangu alisema, "Ni ka kubebea gunia, papa." Nikamtania mukwe kwamba enzi zetu tulibeba magunia kwa ngozi ya Mungu. Yeye akatoka nje kuangalia kuku. Kamto kale alikuwa ameshonewa ili aweze kupiga bunduki yangu. Nililijua hilo baadaye sana.

Sasa nisimulie asubuhi ile jinsi nilivyosimuliwa na binti yangu, kwa maana mi sikuwepo. Nilikuwa ninalala kwenye godoro langu Musonoi.

Kulikucha na ukungu. Nguruwe mmoja dume alikuwa kwenye mahindi. Mukwe akasogea, akapiga, na kwa sababu alifunga macho, risasi ya mbogo ikampiga mnyama kwenye paja la nyuma badala ya bega. Dume akakimbilia mushitu na damu. Mtu aliyemjeruhi mnyama hamwachi, maana kesho anaweza kumkuta mwanamke anayechota maji. Hiyo ni sheria ya kila mwindaji, na mukwe aliifuata. Aliingia. Binti yangu alibaki ukingoni mwa shamba na mtoto, anasikia matawi tu.

Nguruwe alikuwa amemgeukia. Alimngojea kwenye kamba za miti, hatua nne ao tano. Mukwe alipomwona, alitaka kugeuza bunduki. Kanoni ikashikwa. Alivuta, ikashikwa zaidi. Angekuwa na ile fupi angegeuka. Sisemi angemwua, hakuna ajuaye, lakini angegeuka. Jino la nguruwe lilimfungua paja kutoka juu ya goti mpaka karibu na nyonga, kisha mnyama akaenda zake kufia mbele.

Binti yangu alimvuta nje kwa miguu. Akafunga paja kwa kitambaa cha kubebea mtoto, majirani wakamweka juu ya baiskeli, wakaisukuma kwenye matope mpaka kituo cha afya cha Kasaji. Mi nilifika na lori mchana wa kesho yake, nikamleta Kolwezi. Barabara wakati wa mvua unaijua. Kila shimo la barabara nililisikia katika sauti yake, ijapokuwa hakulia. Kwa nini hakulia? Kwa sababu dereva alikuwa ni mi.

Hospitalini waliokoa mguu lakini mshipa mmoja ulikuwa umekatika. Nilipoingia chumbani siku ya kwanza alipopata nguvu, aligeuza uso ukutani, kama adabu inavyotaka, akasema:

"Tata, bunduki haikuvunjika. Nilibaambia baiviringe mu gunia. Ni kitako tu kimekwaruka kidogo. Unisamehe."

Nimepoteza lori mlimani. Nimezika mtoto. Lakini sijui neno lililoniingia kama lile.

Mguu ulipona ukiwa umekakamaa. Anatembea kwa kuuzungusha kutoka nyonga, kama mlango mbovu. Shamba lilibaki bila mtu, na nguruwe wakamaliza kazi yao. Binti yangu na mume wake walihamia kwetu, kwenye vyumba viwili vya nyuma ya ua. Kwa mwanaume wa kwetu, kulala na kuamka katika ua wa baba wa mke wake ni kuvuliwa nguo polepole. Kila asubuhi ananisalimia akiwa ametazama chini, kisha anajificha nyuma ya jiko anatengeneza simu za watu, kazi aliyojifundisha. Kasulo hakurudi, kwa sababu mtu wa mguu ule hashuki kwenye kamba. Kuna watu kanisani wanaonishukuru hata kwa hilo. "Ulimutoa mu shimo, tata." Ndiyo. Nilimtoa.

Bunduki niliirudisha kwa fundi, pamoja na karatasi. Alifungua gunia, akapitisha kidole kwenye ile alama ya kukwaruka. Nilingoja aniambie. Alikuwa na haki. Mwishowe nikasema mwenyewe, "Uliniambia." Akajibu, "Niliambia koti yako, tata. Weye ulikuwa umeshaivua." Halafu akaomba radhi kwa mzaha wake. Hata yule aliniomba radhi.

Nikaanza kumfuata mukwe ili anitukane. Ninaandika ukweli. Nilimkuta nyuma ya jiko nikamwuliza, "Ile bunduki ilikuwa murefu, eh?" Akasema, "Ilikuwa ajali, tata." Siku nyingine: "Risasi ile ilikuwa inakuumiza." Akasema, "Ni bega yangu ilikuwa zaifu." Mara ya tatu nilipaza sauti, nikamwambia aniambie ukweli, ni amri. Akasema, "Ukweli ni vile tata anasema."

Mke wangu alikuwa anasikia. Usiku wa kulala aliniambia, "Unamulazimisha kusema, na kinywa yake iko ndani ya mufuko yako. Ulimukulisha lini?"

Alikuwa na haki. Kwetu bukwe ina mwisho. Mukwe akionyesha tabia njema, baba wa binti anachinja kuku, anakula naye sahani moja, uso kwa uso, na toka siku ile wanaweza kusemezana kama watu. Inaitwa kumukulisha mukwe. Wenzangu wanaifanya mwaka wa pili ao wa tatu. Mi niliiahirisha. Mara malori yameharibika, mara niko safarini. Kweli ni kwamba ukimya wake ulinifaa. Nyumbani kwangu kulikuwa na mtu mmoja asiyenijibu, na nilimtunza.

Jumapili iliyofuata, tulipotoka kanisani, nilichinja kuku mwenyewe. Mke wangu alipika na bukari, ule ugali wetu, tukatoa meza uani, viti viwili. Nikamwita. Alipoona sahani ni moja alisimama, akashika ukuta.

"Kaa," nilisema. "Leo inaisha."

Alikaa, mguu ule umenyooka pembeni. Nikamkatia paja la kuku, nikamwekea mbele. Alikula punje kwa punje, macho kwenye sahani. Nilimwacha ale. Kisha nikasema:

"Kama ningekuuliza siku ile kwa fundi, ungechagua ipi?"

Akatafuna muda mrefu.

"Fupi," alisema. "Na ya kidogo."

"Ninajua. Ninajua sasa."

"Lakini haukuniuliza vizuri hata leo, tata."

Nikashtuka. Alikuwa ameinua macho. Miaka yote ile sikuwahi kuona kwamba jicho lake moja lina doa la kahawia.

"Nikuulize namna gani?"

"Uniulize kama nilitaka bunduki."

"Ulitaka nini?"

"Imbwa mbili. Na waya kidogo, pa upande wa mto. Ule muzee mwenye shamba ng'ambo iko na imbwa, nguruwe habapitake kwake. Nilishamuomba batoto ba imbwa, akakubali. Nilikuwa ninatafuta namna ya kukuambia, halafu ukafika na habari ya bunduki."

"Ulijua hii tangu lini?"

"Tangu mwaka ya kwanza."

Nilidhani amemaliza, na nilitaka kusema nisamehe. Lakini hakuwa amemaliza. Akasema shamba lile yeye alitaka kulima mihogo, maana nguruwe wakichimba unaona mapema, na mi nililazimisha mahindi. Akasema nyumba niliyowajengea kule mlango wake unatazama upande wa mvua, na mtoto alikohoa miezi mitatu. Akasema siku ya kichuguu alikuwa ameuma ulimi, ndiyo maana alitoa machozi, na damu aliimeza. Akasema siku niliyomleta na lori ningepita polepole. Hakupaza sauti hata mara moja. Kila jambo alitanguliza "tata," kwa heshima, kisha analiweka mezani.

Kuku akapoa, mafuta yakaganda pembeni ya sahani. Mke wangu alitoka jikoni na maji ya kunawa, akaona bado anasema, akarudi nayo ndani.